Fundi wa kompyuta wa Kariakoo asiyekimbilia kupiga Windows

Kama kompyuta yako imegoma kuwaka na mtu ameshakwambia "hii ni kupiga Windows tu, mama", yaani kuifuta Windows na kuiweka upya, usitoe hela kwanza.

Kibanda ninachokisifia hapa hakina jina. Kipo Kariakoo, upande wa Aggrey, ghorofa ya kwanza ya jengo ambalo chini wanauza makava ya simu na chaja. Unapanda ngazi nyembamba, unawapita mafundi simu walioinamia meza zao, mpaka mwisho wa korido. Kwenye kioo kumebandikwa karatasi ya A4 iliyoandikwa FUNDI KOMPYUTA NA PRINTA, wino umeshapauka. Mimi mwenye steshenari ile karatasi iliniuma kidogo, nikamwambia nitamprintia nyingine niipige na lamineshen. Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyomnyima nitaieleza.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, zile za mtumba, sipiyu (boksi lenyewe la kompyuta) ya kulaza. Ofisi nyingi za mtaani zinaendeshwa na hizi kwa sababu ni ngumu, vipuri vinapatikana, na kifuniko kinafunguka bila bisibisi. Biashara yangu yote ya Temeke imo humo ndani: mikataba ya pango ya nusu ya mtaa, hesabu za kikoba, barua za serikali ya mtaa ambazo nabadilisha jina na tarehe tu, na tasnifu ya binti mmoja wa chuo ambaye hakuwa na nakala nyingine popote kwa sababu fleshi yake ilibaki kwenye daladala.

Siku hiyo umeme ulikatika mchana, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa nguvu mpaka taa za dukani zikang'aa kupita kawaida. Tulipowasha mashine ikatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikataka tubonyeze F1. Tukabonyeza. Nembo ya Dell, vidoti vikazunguka, halafu skrini ya bluu yenye kile kiuso cha huzuni, ikajizima, ikaanza upya. Baada ya mizunguko kadhaa ikatangaza kwamba inajirekebisha yenyewe. Haikujirekebisha.

Fundi wa kwanza simtaji, na wala si wa Kariakoo. Alikuja dukani, kiti akakikataa, akawasha akiwa amesimama. Yale maandishi meupe aliyaruka kwa F1 bila kuyasoma. Alipoona bluu akatoa hukumu: diski imekufa. Diski mpya shilingi 80,000, kupiga Windows 30,000, "na vitu vyako mama ndiyo basi tena". Nikamuuliza amejuaje kuwa diski imekufa. Akasema ni uzoefu.

Nikaipakia sipiyu kwenye bajaji.

Kijana wa Kariakoo alinipokea kwa shikamoo, akanitolea stuli, halafu mashine akaiacha pale pale mezani bila kuigusa. Akaanza maswali.

"Ilikuwa inafanya nini ilipozima?"

"Binti wa dukani alikuwa anaprinti, umeme ukakatika."

"Imelia? Ile bipu, bipu?"

"Haijalia."

"Kuna mtu ameifungua?" Hapo akaniangalia usoni kama daktari anayekuuliza kama umeshapitia kwa mganga.

Nikamwambia haijafunguliwa, imetazamwa tu. Akauliza swali ambalo mimi nililiona halihusiani kabisa: "Na saa ile ya kwenye kona, ilikuwa inasoma sawasawa?"

Mimi saa naangalia kwenye simu. Lakini binti wa dukani nilikuwa nimekuja naye, akajibu: "Hiyo ina miezi inachelewa. Nairekebisha, kesho yake imechelewa tena." Fundi akacheka kidogo, akavuta sipiyu karibu.

Hapa ndipo nilipoanza kuiona tofauti ya fundi na kishoka. Kwanza aliigeuza mashine nyuma. Kumbe kwenye pawa saplai ya hizi Dell, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, pembeni ya tundu la waya, kuna kitufe kidogo na kitaa chake. Miaka yote nimeipangusa vumbi sehemu ile sikujua ni cha nini. Ukichomeka umeme ukakibonyeza, kitaa cha kijani kikiwaka maana yake pawa saplai inatoa umeme. Kiliwaka. "Huyu mzima," akasema, akaendelea. Ukaguzi ule hauchukui hata dakika moja na hauhitaji kifaa chochote, na wako wanaouza pawa saplai kwa watu bila kukigusa hicho kitufe.

Akachomoa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliobaki ndani uishe, akafungua kifuniko. Vumbi lililotoka mule naona aibu kulieleza. Akalipuliza na blowa nje kwenye korido, mafundi simu wakalalamika. Akazichomoa RAM zote mbili, vile vibao vya kumbukumbu ya muda, akachukua ufutio wa kawaida wa penseli, ule mweupe ninaouuza mimi kwa watoto wa shule, akasugua ile mistari ya dhahabu taratibu kwa kuelekea upande mmoja, akapangusa, akarudisha moja tu, akawasha. Kisha nyingine. Zote nzima. Aliniambia hakutegemea RAM kuwa na shida, kwa sababu RAM ikigoma mashine hizi hupepesa taa ya chungwa kwenye kitufe cha kuwashia au hupiga bipu, na kila namna ya kupepesa ina maana yake kwenye kitabu cha Dell. Yangu ilikuwa inafika mpaka bluu. Alisugua tu kwa sababu ameshafungua.

Mashine ilipowaka tena yale maandishi meupe yakatokea. Huyu aliyasoma. Yalikuwa yanasema saa ya mashine haijapangwa. Akang'oa betri ya saa, ile ya duara bapa kama sarafu iliyochomekwa kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine), imeandikwa CR2032. Ikiwa mpya inatakiwa itoe volti 3. Akaiweka kwenye mita ili na mimi nione namba mwenyewe: chini ya 2.

Nikadhani ndiyo tumemaliza, abadilishe betri nirudi zangu Temeke. Kumbe bado, na sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Alichomeka fleshi yake, akawasha huku akigonga F12, ikatokea orodha ya mahali pa kuwashia mashine, akachagua fleshi. Ikaja Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Haijasakinishwa kwenye mashine yangu, inaendeshwa kutoka kwenye fleshi tu, haigusi kitu. Akabofya alama ya diski na mafolda yangu yote yakajipanga pale: MIKATABA, KIKOBA, WATEJA, na hata folda ya picha za harusi ya mdogo wangu ambayo nilishasahau ipo. Ile diski iliyokufa kwa uzoefu.

Kabla ya kugusa kingine chochote akaniuliza kama nina diski ya nje. Ninayo, nilikuja nayo. Akahamishia kila kitu kwanza. Ilichukua muda mrefu, tukala mihogo ya kukaanga na pilipili tukiangalia asilimia zinavyopanda. Nilipomuuliza kwa nini asitengeneze kwanza ndipo anakili, akasema kukiwa na shaka yoyote na diski, unanakili kwanza, unarekebisha baadaye. Watu wengi wakiona bluu hukimbilia ile amri ya Windows ya kukagua diski, chkdsk, wanaiwekea na kile kiambatisho cha kutafuta sehemu mbovu. Ile amri inaisomesha diski yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Diski iliyo hoi inaweza kumalizikia hapo hapo, na hauna nakala.

Baada ya kunakili akafungua ripoti ya afya ya diski, ile wanayoiita SMART, ambayo diski yenyewe inaitunza tangu ilipotoka kiwandani. Akanionyesha mstari wa sekta zinazosubiri kuthibitishwa kama ni mbovu. Haukuwa sifuri. Zilikuwa chache, lakini zilikuwepo. Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa na chembe ya ukweli: diski imeanza kuzeeka. Ila siyo diski iliyozuia mashine kuwaka, na mtu akishindwa kutenganisha haya mawili atakuuzia diski mpya halafu bluu ikutokee tena na diski yake mpya.

Mwenye kosa alikuwa hivi. Betri ya saa ikichoka, kwanza saa inachelewa. Ikikata kabisa na umeme wa ukutani ukaondoka, bayosi ya mashine kama yangu, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows, inasahau mipangilio iliyowekwa na mtu na kurudi kwenye ile ya kiwandani. Kuna mpangilio mmoja unaoamua mashine izungumze na diski kwa namna gani, na kwenye OptiPlex yangu ule wa kiwandani ni RAID On. Aliyeniwekea Windows mwanzoni aliubadilisha kuwa namna nyingine, AHCI, ndiyo Windows ikazaliwa na kukulia humo. Siku umeme ulipokatika mpangilio ukarudi RAID On, na Windows ikawa inaamka haioni diski yake. Ndiyo maana bluu yake iliandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE, yaani kifaa cha kuwashia hakifikiki. Linux kwa upande wake iliifikia bila taabu, na hapo ndipo fundi alipojua kwamba diski inasomeka na shida iko kwenye mpangilio.

Akaweka betri mpya, akawasha kwa kugonga F2, akaingia kwenye ukurasa wa SATA Operation, akahamisha kidoti kutoka RAID On kwenda AHCI, akapanga tarehe na saa, akahifadhi. Nembo ya Dell. Vidoti. Halafu picha ya mjukuu wangu, ndiyo ninayoiweka kwenye skrini. Binti alipiga vigelegele kwenye korido, mafundi simu wakalalamika tena.

Gharama: betri 3,000, ufundi 20,000. Wapo watakaosema 20,000 kwa kuhamisha kidoti ni nyingi. Sikubaliani nao. Kidoti kilihamishwa kwa sekunde, ila kukijua ni kipi kulichukua mchana mzima, na yule mwingine alitaka 110,000 anifutie kila kitu.

Kitu kingine cha kumsifia: hakuniuzia diski. Alinionyesha kwamba ya zamani imeanza kuchoka, akaniandikia kwenye karatasi SSD (diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka) ya SATA, inchi 2.5, GB 256 inatosha, akasema ninunue popote nitakapopata bei nzuri, yeye atanihamishia Windows yangu ilivyo bila kupiga upya. Nilinunua, akahamisha kwa malipo mengine, na sasa mashine inawaka kabla sijamaliza kufungua madirisha ya duka. Ya zamani aliirudisha mkononi mwangu bila kuombwa. Hilo mliangalie sana mnapobadilisha diski kwa mafundi, maana diski mbovu bado ina mikataba ya watu.

Nilimuuliza pia kuhusu Windows 11 kwa sababu kuna mtu alishanishawishi. Akasema wazi kwamba prosesa yangu, yaani ubongo wa mashine, ni ya kizazi cha 4, na Windows 11 kwa masharti ya Microsoft yenyewe inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel. Ipo njia ya kuilazimisha, lakini hakuipendekeza kwa mashine ya kazi. Windows 10 nayo iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Ushauri wake ni kwamba mashine ya kuprintia ibaki kama ilivyo, na kazi za mtandaoni, zile za kujazia watu maombi ya ajira na mikopo ya chuo, nizifanyie kwenye mashine nyingine. Sijatekeleza bado, hela haijapatikana.

Swali lake la mwisho lilikuwa: "Printa umeichomeka wapi?" Printa yangu ni ya leza na nilikuwa nimeichomeka kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, pamoja na kompyuta, nikiona nimeilinda. UPS yenyewe ilishaacha kushika chaji zamani. Akasema printa ya leza inapopasha moto ule mrija wa ndani inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo za madukani hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Printa iende ukutani kwenye kilinda umeme chake, UPS ibaki na sipiyu na skrini, na betri ya UPS ibadilishwe badala ya kutupa UPS nzima. Nimefanya hivyo. Umeme umeshakatika mara nyingi tangu hapo na mashine imezimwa kistaarabu kila mara.

Anauza pia fleshi ya uokoaji, GB 32 kwa 25,000. Nayo naisifia, japo wenye ujuzi mnaweza kujitengenezea bure. Ametumia Ventoy, programu ya bure ambayo ukishaiweka kwenye fleshi unadondoshea mafaili ya ISO tu (kila moja ni mfumo au programu nzima kwenye faili moja), na mashine ikiwaka inakupa orodha uchague. Kwenye yangu kuna Linux Mint, kisakinishi cha Windows 10, na Memtest86+ ya kupimia RAM. Bandika karatasi ya vitufe juu yake, maana si kampuni zote zinatumia kimoja: Dell F12, HP F9, ThinkPad za Lenovo F12.

Nimeshaitumia kwa laptopu ya HP ya jirani iliyoganda kwenye kuzunguka. Tukawasha kwa F9, Linux ikaja vizuri, ila diski ikakataa kufunguka, ikadai ufunguo. Nikampigia fundi, na safari hii alipokea. Akaeleza kwamba laptopu mpya zenye Windows 11 nyingi zinajifunga zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha yaliyomo kwenye diski, mwenye nayo anapoingia kwa akaunti yake ya Microsoft, na ufunguo wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Jirani akaingia kwenye akaunti kwa simu, akaukuta. Laiti barua pepe ile ingekuwa imesahaulika nywila, hakuna fundi wa mji huu ambaye angeyafungua yale mafaili, na anayekuahidi ataweza muogope.

Sasa nyota iliyokosekana. Simu hapokei. Hiyo ya HP ilikuwa bahati. Ukiacha mashine kwake na kuambiwa "njoo jioni", jioni hiyo haina tarehe. Risiti hatoi, anakuandikia kwenye kikaratasi, na mimi mwenye biashara nahitaji risiti kwa hesabu zangu. Tumelumbana juu ya hilo na hajabadilika. Kibanda kina joto, feni ni moja na inaelekea kwake. Halafu ni Simba wa kupindukia. Mechi ikiwepo usimpelekee mashine ya haraka, na kama wewe ni Yanga nyamaza mpaka akukabidhi sipiyu yako.

Kuna kazi asizofanya, na anakuambia mapema. Madabodi iliyoungua haitengenezi, anakuelekeza kwa mtu mwingine. Diski inayogonga tik-tik-tik haigusi kabisa. Alimkatalia kaka mmoja mbele yangu, akamwambia asiiwashe tena hata nyumbani, maana kuifungua kunahitaji chumba kisicho na vumbi, na pale Kariakoo vumbi linaingia na wateja. Kaka aliondoka amekasirika. Mimi ningeshukuru.

Ukienda, nenda asubuhi, Ijumaa epuka saa za swala. Chukua diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, na mtu anayeitumia mashine kila siku, maana wewe mwenye mali huenda hujui saa inachelewa. Na beba waya wako wa umeme wa sipiyu. Yeye anao mmoja tu, wateja wanaugombania.